Juu ya Majina ya Hoja Mbovu Yafundishwayo Katika Shule Zetu

Katika shule za sekondari za Shinyanga, Kahama na Geita kuna desturi moja ambayo walimu wote waijua. Kila mwanafunzi apendaye kusifiwa kwa Kiingereza chake huwa na daftari la maneno makubwa. Ndani yake ameyanakili maneno yasiyopatikana katika vitabu vya kuanzia: maneno ya kudai, ya kuthibitisha, ya kukanusha, na siku hizi, kwa wingi zaidi, majina ya hoja mbovu. Upande wa kushoto huandikwa neno. Upande wa kulia huandikwa maana yake, mara kwa Kiingereza chepesi na mara kwa Kiswahili. Daftari hilo hupita mkono hata mkono, hunakiliwa upya kabla ya kila mdahalo, na sasa orodha hizo huonekana hata katika simu. Tumezisoma nyingi. Nia yetu katika kurasa hizi ni kuzipima: zina faida gani, zimekosea wapi, na zimeacha nini.

Tusidhaniwe kwamba twazidharau. Kiingereza ndicho kifundishiwacho katika shule za sekondari za nchi hii, na mtoto aliyepata elimu ya msingi kwa Kiswahili, ambaye nyumbani kwao husema Kisukuma, huingia Kidato cha Kwanza kama mtu avukaye mto usiku. Akilipata neno gumu moja na kulitumia mahali pake, ana haki ya kufurahi. Tena maneno haya ya hoja yana kazi. Asiyejua kutenga "premise" na "conclusion", yaani neno la kutangulia na neno lifuatalo kutokana nalo, atasoma kitabu cha sheria au cha sayansi au cha theolojia na kuchoka bure. Lawama yetu yahusu namna maneno hayo yalivyofasiriwa, na namna yanavyokaa mbali na maisha ya mwenye daftari.

Tuanze na neno lenyewe "argument". Orodha nyingi hulifasiri kwa neno moja, "ubishi", na hapo mwanafunzi amekwisha kupotea kabla ya safari. Waingereza hulitumia neno hili kwa mambo mawili: ugomvi wa watu wapandishianao sauti, na maneno yaliyopangwa ili la mwisho litegemee yaliyotangulia. Kiswahili hakina umaskini huo. Tuna ubishi, mabishano, ugomvi, mjadala na mdahalo, na mbali na hayo yote tuna hoja. Mtu aweza kuwa na hoja akiwa peke yake chumbani, pasipo yeyote wa kumbishia. Aweza vilevile kubisha mchana kutwa asiwe na hoja hata moja, na mashahidi wa neno hili wako katika kila kijiwe cha kahawa. Hapa lugha yetu imetangulia, na mwalimu asemaye Kiingereza tu darasani ameuacha nyumbani msaada uliokuwa tayari.

Mahali pengine Kiswahili ndicho kinachochanganya. Twasema, "Amechelewa kwa sababu ya mvua," na twasema, "Tuna sababu ya kumwamini, maana hajapata kusema uwongo." Katika kauli ya kwanza mvua ndiyo iliyoleta kuchelewa. Katika kauli ya pili hatutaji kitu kilicholeta kitu kingine; twaeleza tu kwa nini neno fulani lafaa kukubaliwa. Kiingereza huliita la kwanza "cause" na la pili "reason", ijapokuwa Waingereza wenyewe huyachanganya mara kwa mara. Kwetu yote mawili huitwa sababu. Twaweza kuyatenga tukisema "chanzo" kwa la kwanza na kuiacha "sababu" kwa la pili, lakini orodha hazisemi hivyo; zote mbili zimeandikiwa "sababu", na mwanafunzi huondoka akiamini amejifunza maneno mawili yenye maana moja. Neno "dhana" nalo lina shida ya namna hiyo. Wazee walilitumia kwa jambo ambalo mtu alidhani tu. Katika maandishi ya wataalamu wa leo dhana ni wazo lolote, hata lililo imara. Orodha moja hulitia katika kurasa mbili mbalimbali, pasipo onyo.

"Fallacy" nalo huandikwa "uwongo". Mfasiri ana udhuru, kwa kuwa asili ya neno hilo katika Kilatini ni kudanganya. Walakini wanamantiki wana maana nyingine. Hoja mbovu yaweza kufika kwenye neno la kweli, kama vile mlevi awezavyo kufika nyumbani kwake. Mtu akisema, "Kesho jua litachomoza kwa kuwa jogoo wangu huwika alfajiri," jua litachomoza kweli, lakini jogoo hana sehemu katika kazi hiyo. Kosa limo katika njia, wala halionekani kwa kutazama mwisho wa safari. Kwa hiyo twapendelea "hoja mbovu", au "hoja potofu", maana potofu latokana na kupotoka, nako kupotoka ni kwa njia.

Baadhi ya majina haya ni mafumbo ya nchi nyingine, na mafumbo hayafasiriki neno kwa neno. "Red herring" limeandikwa "samaki mwekundu". Ni kweli ni samaki, lakini mwanafunzi wa Geita, aliyezoea sato, sangara na dagaa wa Ziwa, atakaa akijiuliza samaki huyo ameingiaje katika hoja. Heringi ni samaki wa bahari za kaskazini, na akitiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi hubadilika rangi na kunuka sana. Mwandishi Mwingereza William Cobbett alisimulia mwaka 1807 jinsi alivyomtumia samaki huyo kuwapoteza mbwa wa kuwinda waliokuwa wakifuata harufu ya sungura; akawafananisha na mbwa hao waandishi wa magazeti waliovutwa waache jambo kubwa. Habari hii husimuliwa kwa dakika 3, na aliyeisikia hasahau. Vivyo hivyo "straw man", lililoandikwa "mtu wa majani". Katika mashamba ya mtama na mpunga mtoto ameona sanamu ya kutishia ndege. Aambiwe kwamba mbishi mvivu huacha kupigana na mwenye shamba, akaipiga sanamu, kisha akajisifu.

Baya kuliko yote ni "to beg the question", lililogeuzwa kuwa "kuomba swali". Hapa hatumlaumu mwanafunzi wala mwalimu. Kiingereza chenyewe ni kibovu. Waingereza walilifasiri vibaya neno la Kilatini katika karne ya 16, na leo magazeti yao hulitumia kwa maana nyingine kabisa, yaani kuzusha swali. Maana ya kale ni kulichukua lile lililotakiwa kuthibitishwa na kuliweka kuwa msingi wa uthibitisho. "Mganga huyu ni wa kweli." Umejuaje? "Ramli yake mwenyewe ilisema." Twashauri liitwe "hoja ya kujizunguka". Juu ya "ad hominem" twasema neno moja tu: kumtukana mtu si hoja mbovu, kwa kuwa si hoja kamwe. Kosa hili huanza pale msemaji atakapo tusi lake lihesabiwe kuwa jibu.

Wala msomaji asidhani majina haya ni mali ya Waingereza. Aristoteli wa Uyunani alizihesabu namna 13 za hoja za kudanganya. Wataalamu wa Kiarabu walivifasiri vitabu vyake na kuvifafanua, na neno letu "mantiki" limetoka kwao. Kazi hii ilikuwa imefanywa kwa lugha tatu kubwa kabla Kiingereza hakijawa na kitabu chake cha mantiki.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo orodha zimeliacha. Mifano yake yote ni ya mbali. Mwanafunzi husoma juu ya wagombea wa Marekani, juu ya matangazo ya sabuni, juu ya watu wa ng'ambo wabishanao katika mikahawa. Ni mifano mizuri kwa wenyewe. Lakini katika nchi ya Usukuma imekuwako hoja moja mbovu iliyoua watu kwa miongo mingi, nayo haimo katika daftari hata moja tulilolisoma. Twaiandika waziwazi. Wachawi wana macho mekundu. Bibi huyu ana macho mekundu. Basi bibi huyu ni mchawi.

Kwa ajili ya maneno haya matatu wanawake wazee wameuawa kwa mapanga katika vijiji vya Shinyanga na Geita, wengine usiku ndani ya nyumba zao, na habari zao zimo katika magazeti na katika majalada ya mahakama. Hapana msomaji wetu asiyejua macho hayo yalikotoka. Misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa, mara kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o, mara kwa kupata mashamba ya pamba na malisho, hata Serikali ikaanzisha mwaka 1986 kazi ya HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ili kuirudisha miti na kuhuisha ngitili za wenyeji. Kuni zilipoadimika, akina mama walipikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Mwanamke aliyeinama mbele ya moshi wa namna hiyo miaka 50, katika nyumba isiyo na dirisha la kutosha, hawezi kuwa na macho meupe. Wengine wana ugonjwa wa vikope. Hicho ndicho chanzo.

Hata hivyo mtu wa mantiki hana haja ya kumngoja daktari. Hata kama neno la kwanza lingekuwa kweli, nalo si kweli, neno la tatu halifuati. Tulipange jingine kwa umbo lilelile. Dhahabu hung'aa. Jiwe hili lang'aa. Basi jiwe hili ni dhahabu. Mpelekee hoja hii mchimbaji yeyote wa Nyarugusu au Rwamagasa, naye atakucheka. Anajua kwamba liko jiwe la manjano ling'aalo kuliko dhahabu yenyewe, lililofanyika kwa chuma na salfa, ambalo wenye elimu ya madini huliita pairiti. Na anajua ni wangapi waliokopa fedha kwa ajili ya jiwe hilo. Kwa hiyo haamini jicho lake. Atalisaga, atauosha unga wake, atatia zebaki aone kama itashika. Ataligonga kwa nyundo: dhahabu hubonyea na kutandazika, lile jingine hupasuka vipande. Watu husema vyote ving'aavyo si dhahabu, naye ameyajua maneno hayo kwa mikono yake, na kwa hasara yake.

Mtu huyohuyo, atakaporudi kijijini na kuambiwa habari za bibi mwenye macho mekundu, huenda asitake kipimo chochote. Jiwe amelipima mara 3, na mtu hakumpima hata mara 1. Kulionyesha jambo hili ubaoni, hoja mbili kandokando, mstari kwa mstari, ni kazi ya dakika 10, wala hatujui dakika 10 za somo la Kiingereza zilizo bora kuliko hizo. Baada yake mwalimu aweza kuwapa jina, yaani kosa la "undistributed middle", nao watalishika, kwa kuwa wamekwisha kukiona kitu chenyewe. Katika orodha jina hili limefasiriwa "katikati isiyogawanywa", maneno yasiyomwambia mtu neno lolote. Sisi tungesema "kosa la alama moja": vitu viwili vina alama moja, na mtu akasema ni kitu kimoja.

Ya pili ni hoja ya kwenye duara. Wanafunzi hulipenda sana jina lake la Kilatini, "post hoc ergo propter hoc", nao hulitamka kwa haraka kama watu waombao. Hulifasiri, "baada ya hili, kwa hiyo kwa sababu ya hili," na hapo ndipo upungufu wa neno sababu unapotuumiza, maana kinachodaiwa ni chanzo. Fulani alikwenda kwa mganga, na mwezi uleule akafika kwenye mwamba wenye dhahabu. Basi mganga ndiye aliyemfungulia. Habari hii husimuliwa katika kila kambi ya wachimbaji. Swali ambalo halisimuliwi ni hili: waliokwenda kwa mganga yuleyule wakachimba hata fedha ikaisha, wakarudi kwao na madeni, ni wangapi? Hao hawako tena kambini, kwa hiyo hawana wa kuwasemea. Wayunani wa kale walikuwa na hadithi ya Diagora, mtu asiyeamini miungu. Alionyeshwa hekaluni picha za mabaharia walioweka nadhiri wakaokoka katika dhoruba, akauliza ziko wapi picha za walioweka nadhiri wakazama. Cicero aliiandika hadithi hiyo kwa Kilatini, na Francis Bacon wa Uingereza akaitumia habari ya namna hiyo mwaka 1620 alipoeleza jinsi akili ya mtu ihesabuvyo yaliyotimia na kuyaacha yasiyotimia. Mwalimu wa Geita asitafute mfano mwingine. Aweke tu duara mahali pa jahazi.

Kwa hoja ya duara waliuawa watu wenye ualbino. Tangu mwaka 2007 mauaji hayo yalisikika sana katika mikoa ya Ziwa, na walioyatenda walikuwa wameambiwa kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino huleta dhahabu au samaki. Ualbino hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe waweza kuwa weusi kama watu wengine. Hapana dhahabu ndani yake wala bahati. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumwua kijana wa miaka 14 wa wilaya ya Bukombe, ambayo siku zile ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga na tangu 2012 iko katika mkoa wa Geita. Watoto wengi walipelekwa shule ya Buhangija, Shinyanga, wapate kulindwa. Mwaka 2015 Serikali ilitangaza marufuku juu ya waganga wapigao ramli chonganishi. Hayo yote ni ya sheria na ya polisi, nayo yalipasa. Lakini polisi hafiki mahali hoja inapozaliwa, mwalimu hufika.

Lazima tuseme pia kwamba jambo si jepesi kama waandikao orodha wanavyolifanya. Mwaka 1937 Mwingereza Evans-Pritchard alichapisha kitabu juu ya Wazande, watu wa Sudan Kusini ya leo na Kongo ya kaskazini. Aliandika habari za ghala lililoanguka likawaumiza waliokaa kivulini pake. Wazande walijua vizuri kabisa kwamba mchwa walikuwa wamezila nguzo. Waliloliuliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Msukuma aliyefiwa na mtoto huuliza vivyo hivyo. Ukimwambia malaria, atakubali, kisha atauliza ni nani aliyeileta kwa mtoto huyu na kumwacha yule. Wanafunzi wa Bwana wetu waliuliza swali la namna hiyo walipomwona kipofu, nani aliyetenda dhambi, wakajibiwa kwamba swali lenyewe halikuwa hivyo. Mtu aulizaye "nani" hajibiwi kwa Kilatini. Ataka kwanza aonyeshwe kwamba si kila "kwa nini" huwa na "nani" ndani yake, na kazi hiyo ni ya lugha ya nyumbani, polepole, pengine katika matanga yenyewe.

Wala kuyajua majina hakumwokoi mtu. Mwaka 1662, katika mji wa Bury St Edmunds, Uingereza, wajane wawili wazee walishtakiwa kwa uchawi. Jaji alikuwa Matthew Hale, mmoja wa wanasheria wasomi sana wa nchi ile. Aliyeitwa kutoa maoni yake alikuwa tabibu Thomas Browne, aliyekuwa ametunga, mwaka 1646, kitabu kikubwa cha kufichua makosa ambayo watu huyaamini bila kuyapima. Mtu kama huyo, aliyechunguza kwa bidii kama ni kweli kwamba tembo hana viungo miguuni, alisema mbele ya mahakama kwamba wasichana wale wamerogwa kweli. Wajane wakanyongwa. Twaileta habari hii kwa ajili ya walimu wadhanio kwamba Kiingereza chenyewe hutakasa akili, na kwa ajili ya wale wawacheao Wasukuma kana kwamba hoja hii ilizaliwa Shinyanga.

Maana dharau nayo imo shuleni. Tumesikia walimu, na watumishi wa dini pamoja nao, wakimjibu mtoto aliyetaja uchawi kwa neno moja: "Hayo ni mambo ya washenzi." Darasa hunyamaza, na mwalimu hufikiri ameshinda. Amefanya nini? Amewashambulia wasemao, na hoja yao ameiacha ikae salama, ingali nzima. Orodha ya mwanafunzi ina jina la kosa hilo, na pengine mtoto aliye nyuma amekwisha kulikumbuka, ila adabu inamfunga mdomo.

Jambo jingine lililosahauliwa ni methali. Twazifundisha kama hekima, nazo ni hekima, lakini baadhi yake, zikitumiwa kama hoja, ni mbovu kwa kiasi cha kutisha. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja": kwa methali hii uvumi hujithibitisha wenyewe, na hapana mshtakiwa awezaye kuponyoka. "Penye wengi hapaharibiki neno": mkutano mzima wa kijiji waweza kukosa. "Mtoto wa nyoka ni nyoka": binti wa bibi aliyeuawa amehukumiwa kabla hajafanya lolote. Kinyume chake tuna "Usisafirie nyota ya mwenzio", ambayo ingefaa kuandikwa kwenye mdomo wa kila duara. Na "Dalili ya mvua ni mawingu" ni somo zima la mantiki, mwalimu akiuliza kama kila wingu ni mvua. Tungependa kumwona mtahini mmoja, kabla hatujazeeka, akiuliza methali ipi yaipinga ipi, na ipi ina haki.

Katika midahalo twasikia dosari ya mwisho. Hoja ya siku zote ni kama elimu ni bora kuliko fedha. Mwanafunzi wa upande wa fedha husimama na kumtaja Bwana Saniniu Laizer wa Mererani, aliyeuza mwaka 2020 mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Darasa hupiga makofi. Wa upande wa elimu huinuka na kusema kwa Kiingereza jina la kosa, "hasty generalization", kisha huketi. Darasa hupiga makofi zaidi, kwa kuwa neno ni refu. Lakini hakuna lililoonyeshwa. Ilimpasa kuuliza wachimbaji wangapi wa Mererani hawakupata jiwe hata moja; na angaliweza kuongeza kwamba Bwana Laizer mwenyewe, alipopokea fedha zile, alisema atajenga shule. Jina la kosa limetumiwa kama mlango wa kumfungia mwenzake nje. Mwalimu mwenye mdahalo angefanya vema kuyakataza majina haya kabisa mpaka msemaji awe amelionyesha kosa kwa maneno ya kawaida, ndipo ampe ruhusa ya kulitaja.

Tena daftari lenyewe laweza kusaidiwa kwa jambo dogo. Badala ya safu mbili liwe na safu nne: neno la Kiingereza, Kiswahili chake kisichoganda kwenye neno la kigeni, namna wazee wanavyolisema kwa Kisukuma, na mahali ambapo mwanafunzi mwenyewe amelisikia kosa hilo, sokoni, kanisani, kwenye basi au kambini, pasipo kuandika jina la mtu. Safu ya nne ndiyo itakayokuwa ngumu kuijaza wiki ya kwanza, na wiki ya tatu haitatosha.

Safu ya Kisukuma sisi wenyewe hatujaridhika nayo. Walimu na mapadre walioko Nassa, Bukumbi, Kolandoto na kwingineko, ambao wamekaa na wazee barazani wakati wa kuamua mashauri, watatusaidia sana wakituandikia maneno ambayo wazee hao hutumia kumwambia mtu kwamba ushahidi wake haufiki kwenye dai lake. Twajua maneno hayo yako, maana mashauri ya ng'ombe na mahari hayangaliweza kuamuliwa pasipo hayo. Tutayachapa pamoja na mahali yalipotumika, na kama msemo wenyewe hutumika kwa wanaume tu au kwa wote, hilo nalo liandikwe.